Kasha la Kumi na Mbili

Ilomba, Mbeya. Jumatatu, 18 Machi 1957

"Mwanafunzi wa chuo kikuu anayezunguka na kofia mkononi akiomba fedha za chama chake ni mwombaji tu, ila huyu amejifunza Kiingereza." Hayo ameyaandika Bwana Fanueli, karani wa baraza, katika gazeti la juma lililopita. Tangu asubuhi watu watatu wameniletea nakala, kama watu wanavyomtupia mbwa mfupa ili wamtazame anavyotafuna.

Natafuna. Kanisa alimobatizwa Fanueli lilijengwa kwa kofia iliyozungushwa Ulaya miongoni mwa watu wasiomjua. Barabara anayopitisha baiskeli yake imejengwa kwa kodi, na kodi ni kofia yenye askari nyuma yake. Mshahara wake unatoka katika kofia hiyo hiyo. Kama kuomba kwa ajili ya kazi ya wengi ni uombaji, basi karani wetu ni mwombaji mkongwe, tena anayengojea pensheni.

Hayo nitayapeleka gazetini. Lakini daftari hili jipya nimelifungua kwa sababu nyingine. Leo alasiri basi limemleta mpwa wangu Ikupa, mtoto wa dada yangu Tupokigwe, baada ya siku tisa njiani kutoka Kampala. Yuko mwaka wa pili chuo kikuu, na likizo yao ndefu imeanza. Wanachuo wa nyanda zetu huko ni kumi na wawili, nao wana chama cha vitabu na midahalo. Mwaka huu wamemchagua Ikupa mwenyekiti, msichana pekee kati yao. Wanataka kuzunguka wiki tatu, Chunya, Mbeya na Iringa, wakiazimisha vitabu, na kila wanapofika waitishe mdahalo wa Kiswahili ambao mtu yeyote aruhusiwe kusema. Wanahitaji lori, petroli na chakula. Mwaka jana walishindwa kutoka, na chuo kimewaonya kwamba chama kinacholala miaka miwili kinafutwa.

Ikupa alinieleza hayo huku akikamua matope kwenye pindo la gauni. Akaongeza kwamba wenzake wameshasema: kikifia mikononi mwa mwanamke, hawatachagua mwanamke tena.

Nilimtazama sana. Herufi za kwanza nilimfundisha kwa mkaa kwenye mlango wa nyumba hii, wakati ningali mwalimu na kabla sijafukuzwa kwa ajili ya kalamu yangu. Sasa amekaa kwenye kiti changu anasema "kamati yangu". Sikujua nishangae nini kwanza.

21 Machi

Mvua. Mlima Loleza haukuonekana kutwa nzima.

Jumamosi, 30 Machi

Tusajigwe, mwanachuo mwenziwe Ikupa na mtunza fedha wa chama kisicho na fedha, amerudi kutoka Iringa. Walimtuma aende kwenye ofisi ya kampuni moja ya chai ya Mufindi akaombe ufadhili. Jina la kampuni silitaji; lilivyopenda kuandikwa kila mahali, daftari langu linaweza kulikosa.

Amekwenda ofisini siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza alimsalimu meneja, akamuuliza habari za watoto, za mvua na za miche ya chai, akaaga. Siku ya pili vivyo hivyo, akapeleka na mkungu mdogo wa ndizi. Siku ya tatu, alipokuwa sasa anajiandaa kugusia shida, meneja alimtangulia kwa kumpa kazi ya ukarani, maana hajapata kuona kijana mwenye adabu kiasi hicho.

Ikupa alimuuliza, "Mwenyekiti alikutuma ukaombe nini?"

"Dada, kwetu nani anaingia nyumba ya mtu akaanza na shida?" akasema Tusajigwe. "Angeniona sina wazazi."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Kijana amesoma fizikia, anajua uzito wa hewa, na bado hawezi kuvunja siku tatu za adabu ya bibi yake. Sijui ni udhaifu au ni nguvu.

3 Aprili

Nimekwenda dukani kwa Selemani Matano, mjini. Babu yake alikuja huku na misafara kutoka pwani, naye ana duka na lori moja. Ni mwanzo wa mfungo, midomo imemkauka, lakini ulimi haujakauka. Nilimweleza habari za chama kwa nusu saa. Akaniambia, "Mwalimu Sedekia, wewe ukimwomba mtu maji, anadhani umemshtaki." Fedha hana. Lori analo, lakini linaliwa na barabara ya Chunya, na kabla ya Idi haliwezi kwenda kokote.

9 Aprili

Mvua.

10 Aprili

Mvua. Nimesoma. Fanueli amenijibu gazetini, jibu dhaifu, ila sentensi moja nzuri, nimeipigia mstari kwa hasira: "Mpokeaji asiyerudisha hana ulimi mbele ya mtoaji."

Jumatano, 17 Aprili. Iringa

Safari ya siku mbili na Ikupa. Basi lilizama kwenye matope karibu na Igawa, tukashuka wote, wanaume tukasukuma, akina mama wakakata matawi ya kutandika chini ya magurudumu. Ikupa alikata matawi na viatu vyake vya Kampala vikiwa vimening'inia shingoni.

Leo tumeingia kwa meneja. Nilikuwa nimetayarisha hotuba yenye sehemu nne. Ikupa aliniomba nikae kitini, tena nikae kimya.

Hakuanza na mvua wala na watoto wa mtu. Alisema chama chao ni kipi, kinataka nini, kwa siku ngapi, na nani atapata faida. Meneja aliuliza kwa Kiingereza, akajibiwa kwa Kiingereza. Akageuka Kiswahili cha shambani, akajibiwa Kiswahili safi. Akamuuliza kampuni itapata nini. Ikupa akasema, "Mtasikika mkitajwa kwa wema katika vijiji ambako sasa mnatajwa kwa mizani tu." Mizani ni ile ya kupimia majani ya wachumaji. Mimi, niliyeandika barua mia mbili magazetini, sijapata kuandika sentensi inayokata namna hiyo bila kutoa damu. Hata meneja alitabasamu.

Akakubali. Atatoa lori, dereva na petroli kwa wiki tatu. Atatoa pia makasha kumi na mawili ya chai, wauze au wanywe, na makasha yenyewe yabebe vitabu. Kisha akachukua orodha ya hoja za midahalo, akaweka kidole kwenye hoja ya pili: "Mchuma chai alipwe kwa ratili au kwa siku?" Akasema kwa upole kabisa kwamba yeye haamuru kitu, ila hategemei anayekunywa kwenye kikombe chake atatema humo humo.

Nilisimama. Sehemu zangu nne zilikuwa zimefika kooni. Ikupa akanishika mkono wa koti.

"Mjomba, kaa."

Nikakaa. Nina miaka arobaini na saba.

Pasaka, 21 Aprili

Kanisa limejaa. Sikusikia mahubiri, nilikuwa nabishana na meneja kichwani.

Jumamosi, 27 Aprili. Uyole

Kamati imekutana nyumbani kwa dada yangu Tupokigwe, hapa Uyole. Mimi si mwanachama. Nilikaa kwenye kizingiti. Tusajigwe alisema hoja moja si chama kizima, waiache, chama kiishi. Wengine wakasema chama cha midahalo kinachochaguliwa hoja ni kwaya. Kura sita zikataka kukubali, tano zikakataa. Mwenyekiti hapigi kura ila zikilingana, kwa hiyo Ikupa alitangaza tu matokeo, kisha akatoka nje akasimama kwenye mvua kama anaangalia mahindi.

Wamekubali. Chama hakifi. Sijui kama kuishi hivyo ni kuishi.

Nimeanza barua ya gazetini. Kichwa chake: "Wasomi Waliouza Ulimi kwa Majani".

1 Mei

Idi. Selemani ameniletea sahani ya pilau. Nimemrudishia sahani yake na viazi kumi.

6 Mei

Mvua imekatika. Asubuhi baridi, mlima umeoshwa, umekaa karibu hata nilitaka kuubishia hodi. Katika umri huu bado unanipa kigugumizi.

Jumanne, 14 Mei

Lori la kampuni limefika Uyole na makasha kumi na mawili. Jina la kampuni limechapwa kwa rangi nyekundu pande zote nne za kila kasha, na juu, na ninaamini na chini. Nusu ya chai imeuzwa siku hiyo hiyo sokoni kwa wenye malori, nusu wamegawiwa majirani wanywe. Watoto wanacheza kusoma jina.

Alhamisi, 16 Mei. Uyole

Barua yangu imekamilika, kurasa sita. Kabla ya kuipeleka posta nilipita kwa Tupokigwe. Dada yangu hajui kusoma, aliniambia nimsomee. Nilisoma kwa sauti, yeye akipukuchua maharage. Nilipomaliza alikung'uta maganda mapajani.

"Ni kali," akasema. "Lakini inampiga mtoto wetu. Mzungu haimfikii."

Nikasema ukweli haubagui wa kumpiga. Akauliza, "Haya makasha ni ya nani?"

"Ya kampuni. Jina si hilo?"

"Jina sijui kusoma, Sedekia. Nauliza mwenyewe ni nani. Yule meneja?"

"Tuseme ni yeye."

"Sahani ya Selemani, siku ya Idi, uliirudishaje?"

"Na viazi."

"Kwa nini?"

Nikasema kila mtu anajua kwa nini: chombo cha jirani hakirudi kitupu.

"Ungemrudishia tupu," akasema dada yangu, "leo ungeweza kubishana naye dukani?"

Niliweka kurasa zangu chini. Naandika hili polepole ili nisilipitie haraka. Sentensi ya Fanueli niliyoipigia mstari, mpokeaji asiyerudisha hana ulimi, nimeitafutia jibu kwa majuma matano katika vitabu. Jibu nililiweka mwenyewe kwenye sahani, viazi kumi, nikaliandika kwa mstari mmoja kama siku isiyo na habari. Na wale wanachuo kumi na wawili, kila mmoja amelelewa katika nyumba ambamo mtoto anapigwa kofi akirudisha bakuli tupu. Kosa letu lilikuwa moja. Wao walimwona meneja mfadhili, mimi nilimwona adui. Hakuna aliyemwona ni mtu aliyetuletea chombo.

Tupokigwe alikuwa ameshasimama, anajifunga kitenge, anaelekea kwa jirani yake.

Jumapili, 19 Mei. Uyole

Watu walianza kuja baada ya ibada. Nilidhani watakuja kumi. Walikuja kutoka Uyole, Ilomba, na miteremko ya juu ambako sijui wanaishije na baridi hiyo. Vikapu vya maharage, viazi, mahindi ya mwaka jana, unga wa ulezi. Hakuna aliyetoa hotuba. Kila mmoja alimwaga chake ndani ya makasha, akapiga magoti kidogo, akasema "ndaga", asante, kana kwamba yeye ndiye aliyepewa, akaenda kukaa na wengine. Mwanamke mmoja ambaye najua nyumba yake, najua ghala lake lilivyo, alimwaga konzi mbili za maharage kwa makini kama anayemwaga mafuta. Nilitazama pembeni.

Tupokigwe alimwambia jirani, jirani akamwambia jirani, hakuna aliyeandika majina. Nimesoma jinsi mataifa yalivyojenga vyuo na meli, na sikupata kuona mahali palipoandikwa kitu hiki.

Kisha baiskeli ikapanda mlima. Ni Fanueli, na debe la ulezi limefungwa nyuma. Watu wakatutazama sote wawili, wanatujua. Alifungua kamba taratibu, akamwaga ulezi wake kwenye kasha la tisa.

"Niliandika mwombaji," akaniambia. "Sikuandika jirani."

Ni sentensi bora kuliko zangu. Naweza kukiri hapa kwa kuwa daftari hili hatalisoma.

Makasha kumi na moja yakajaa. La kumi na mbili Tupokigwe aliligeuza mdomo chini, akalikalia. Wanawake walipoleta vikapu vya mwisho alisema hili yeye halijazi, vimwagwe kwenye magunia. Nilimuuliza sababu, akasema miguu inamuuma.

Selemani ametoa lori lake bila kuombwa. Lori la kampuni lilikuwepo, lakini akina mama walikataa: humrudishii mtu kikapu ukiwa umembebesha mwenyewe. Selemani akasema anataka pia kuona uso wa Mzungu akipewa viazi.

Jumatano, 22 Mei. Iringa

Wanawake tisa, Ikupa, Tusajigwe na mimi. Makasha yalipangwa kwenye veranda ya ofisi kabla meneja hajafika. Alipokuja alisimama kwenye ngazi. Akaona jina la kampuni yake mara arobaini, na maharage juu yake.

Alimuuliza Ikupa haya ni malipo ya nini. Ikupa akasema yeye leo ni mkalimani tu, mwenye neno ni mama yake.

Dada yangu hajapata kuingia ofisi ya Mzungu. Hakuwa na karatasi. Kwanza alimuuliza meneja habari za nyumbani kwake. Meneja, akiwa ameduwaa, akasema mkewe ana kikohozi. Tupokigwe akampa pole, akamwambia wa huku hunywa asali na ndimu. Nilidhani tutamaliza siku kwenye kikohozi. Kisha akasema:

"Ulituletea chai katika vyombo vyako. Tumekunywa, tumeshukuru. Vyombo vimerudi, na ndani tumetia chetu. Sasa wewe si mtoaji, sisi si wapokeaji. Ni majirani. Na jirani akiwa na neno juu ya mizani yako atakuambia, na wewe ukiwa na neno juu yetu utatuambia."

Ikupa alitafsiri bila kuongeza wala kupunguza, na sauti yake ilitetemeka mara moja tu, kwenye "majirani".

Meneja alivua kofia. Sijui kama ni heshima au ni jua. Alizunguka makasha, akachota maharage, akayaacha yatiririke kati ya vidole. Akasema wakubwa wake London watamuuliza viazi vinaandikwa ukurasa gani wa daftari la hesabu. Hakuna aliyecheka ila Selemani, huko kwenye lori. Kisha meneja akasema lori lake tunalo, na hoja ya pili ni yetu. Lakini atakuja kuisikiliza.

Alihesabu. "Ni kumi na moja," akasema.

"La kumi na mbili halijajaa," dada yangu akajibu. "Sisi ni mama zao tu. Waliopewa ni watoto. Lao watalijaza wenyewe."

Niligeuka nikamtazama Ikupa. Alikuwa amefumba macho.

Barua yangu ya kurasa sita niliitumia kuwashia moto tulipolala njiani, Makambako. Iliwaka vizuri.

Jumamosi, 8 Juni. Iringa

Vitabu vimezunguka katika vikapu, na hakuna kilicholowa. Chunya wachimba dhahabu walibishana mpaka vumbi likawa jekundu hewani. Leo hapa ulikuwa mdahalo wa mwisho, hoja ya pili. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Meneja alikuja, akakaa benchi la nyuma, magoti yakimfikia kidevuni. Alisimama mchumaji mmoja, mtu mzima, vidole vyeusi kwa utomvu, akasema kwa dakika tano jinsi ratili ya asubuhi yenye umande isivyo sawa na ratili ya saa saba. Hakutukana. Meneja aliandika kitu kwenye kidaftari.

Ujira haujapanda. Nisije nikasema umepanda. Lakini nimeishi hadi kumwona mwenye mizani akiandika maneno ya anayepimwa, na karibu nisahau kupiga makofi.

Alhamisi, 20 Juni. Uyole

Umande umeganda juu ya majani ya viazi, mweupe kama chumvi. Basi limewachukua wote kumi na wawili kurudi Kampala. Chama hakitafutwa, na Ikupa amechaguliwa tena. Tusajigwe ndiye aliyependekeza jina lake, baada ya salamu ndefu. Naandika maneno haya kwao, nitayanakili na kuyatuma kwa posta kesho, na nakala kwa Fanueli ayasahihishe.

Ikupa, Tusajigwe, na ninyi wenzao kumi: mwakani mtaomba tena, na mwombe bila kuinamisha kichwa. Mimi ndiye niliyesema hivyo gazetini, na silifuti neno. Lakini mama zenu wamewakombolea ulimi wenu kwa maharage ambayo baadhi yao hawakuwa nayo ya kutosha, na mama halipi deni la namna hiyo mara mbili. Machi mkishuka kwenye basi, msije kwangu kwanza, wala msiende Iringa. Nendeni nyuma ya nyumba ya Tupokigwe, kila mmoja na kitu alichokipata kwa mikono yake mwenyewe, hata kama ni konzi moja. Kasha la kumi na mbili liko hapo, mdomo chini, na kuku ameanza kulala juu yake. Mfukuzeni huyo kuku.